Tiketi ya Pili

Mume wangu aliziweka tiketi juu ya kabati la vyombo, chini ya kopo la chumvi, pale ambapo mtu huficha kitu anachotaka kionekane wakati yeye hayupo. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, natafuta kiberiti, mikono ina mapovu. Nikazivuta kwa ncha za vidole. Ukumbi wa maigizo, Jumapili mchana. Moja, na nyingine imegandamana nayo kwa nyuma.

"Baba Kokwa," nikaita. "Hawa watu wako wamekosea. Wameleta mbili."

Alikuwa sebuleni, amepiga magoti mbele ya feni ya mteja iliyogoma kuzunguka.

"Hawajakosea," akasema, akiiambia ile feni.

Hapa inabidi nieleze, maana mgeni akisikia kwamba kuna tawi la mashabiki wa mpira linalomnunulia mke wa mwanachama tiketi za maigizo, atadhani nimeolewa kwa wastaarabu.

Mara ya kwanza kwenda uwanjani nilikuwa mchumba. Timu yetu ilipigwa mabao ya kutosha kugawia majirani. Mara ya pili nilikuwa na ujauzito, tumbo limeshaanza kunitangulia, na beki wetu akajifunga mwenyewe bila kusukumwa na mtu. Mara ya tatu hata sikuingia. Nilimpelekea mume wangu funguo getini, na wakati namkabidhi, huko ndani ukatoka ule mguno wa watu wengi ambao hauhitaji kuelezwa. Tawi likakaa kikao. Mwenyekiti wao ni kinyozi, na vikao hufanyika kwenye saluni yake, wengine kwenye viti vya kunyolea, wengine wameegemea kioo. Wakaamua kwamba shemeji yao ana nuksi.

Hawakusema kwa ubaya. "Shemeji, wewe ni mtu mwema," Mwenyekiti aliniambia, mkono kifuani. "Ila wewe na uwanja hampikiki chungu kimoja."

Ikabidi nitafutiwe pa kwenda siku za mechi za nyumbani. Pawe mbali, pasiwe na redio, na nikae muda mrefu bila kupata sababu ya kutoka. Kinyozi ndiye aliyekumbuka ukumbi wa maigizo: kuta nene, simu zinazimwa, na mtu akishaketi ni aibu kunyanyuka. Wakachanga, nikaenda, timu ikashinda. Basi ikawa sheria. Kabla ngoma ya mashabiki haijapigwa, lazima mtu aulize, "Shemeji kaenda?" Na mpiga ngoma, ambaye ndiye mume wangu na wao wanamwita Chuma, anajibu, "Kaenda." Ndipo fimbo inagusa ngozi.

Sikuwahi kununa. Mimi ni mpiga pasi wa dobi; wiki nzima nasimama kwenye mvuke nikinyoosha mashati ya watu nisiowajua. Jioni nilikuwa nasoma masomo ya watu wazima, na mwalimu wetu alitusomea michezo ya kuigiza kama mtu anayesoma maelezo ya dawa ya kikohozi. Ukumbini ndipo nilipogundua kwamba kumbe maneno yale yana watu ndani. Nikajifunza kukaa gizani na kumhurumia mtu ambaye hayupo. Waliponicheka, nilicheka nao. Mashabiki walidhani wamenifukuza, nami nikajiona nimealikwa harusini.

Lakini hiyo ilikuwa tiketi yangu.

"Hii ya pili ya nani?" nikauliza.

"Ya mtoto."

"Mtoto yupi?"

"Mama Kokwa, kwani tunao wangapi?"

Tunaye mmoja. Tulimpa jina hilo la utani kwa sababu alizaliwa mdogo na mgumu, kama kokwa ya tunda, na muuguzi alisema huyu hata akidondoka ataota. Anawajua wachezaji wote wa timu ya baba yake kwa mwendo tu. Ukimzibia nyuso zao kwenye televisheni anakutajia huyu nani na huyu nani. Analala na jezi. Na baba yake alikuwa amemwahidi, mbele yangu, mkono juu, kwamba akifikisha miaka saba atampeleka uwanjani. Alishafikisha. Jumapili ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu, na si ya kombe. Timu ilikuwa inaning'inia. Ikishinda inabaki ligi kuu. Sare au kufungwa, inashuka daraja.

"Ulimwahidi," nikasema.

"Najua nilichosema."

"Sasa?"

Akaifunika feni kwa mfuniko wake, akaifunua tena. "Ile mechi ya ugenini tuliyoangalia kwa kinyozi. Kokwa aliniletea chakula. Alipotia mguu mlangoni tu, tukafungwa. Watu wameongea."

"Watu wameongea. Na wewe uliongea nini?"

Feni ikazunguka yenyewe mara moja, ikasimama.

Nikafuta mikono, nikamchukua mtoto, nikaenda kwa kinyozi. Nilitakiwa kumwacha nyumbani. Lakini Kokwa haachiki. Ukivaa viatu naye kavaa, na mimi nilikuwa na hasira ambayo haikunipa nafasi ya kufikiri.

Mwenyekiti alikuwa na mteja kitini, upande mmoja wa kichwa umeshanyolewa na mwingine bado msitu. Aliponiona akazima mashine.

"Shemeji. Karibu. Na mchezaji wetu wa akiba, karibu."

"Sikai, shemeji. Nimekuja kuuliza tu. Hii tiketi ya mtoto nani kaiamua?"

"Kikao, shemeji. Si mimi. Mimi ni mdomo tu, tumbo ni wanachama."

"Na kikao kimeona nini kwa mtoto wa miaka saba?"

Akakuna shingo kwa mgongo wa mashine. "Ile siku ya ugenini. Tunaongoza. Mpira uko kwao kabisa. Huyu binti anaingia na bakuli, anasema hamjambo, na kabla hatujaitikia wamesharudisha. Muulize huyu bwana hapa kitini, alikuwepo."

"Nilikuwepo," akasema mteja kwa huzuni. "Kichwa hiki hiki. Aliniacha nusu siku ile pia."

"Mtoto aliingia, bao likaingia," nikasema. "Na nzi wangapi waliingia siku hiyo? Nao mmewanunulia tiketi?"

Mteja akacheka, Mwenyekiti akacheka, na mimi nusura nicheke, maana ndivyo tulivyozoeana miaka yote. Ndiyo maana akajisahau. Akatikisa kichwa na kusema, kwa upole kabisa, kama mtu anayefunga mjadala wa kirafiki, "Shemeji, si wenyewe mnasema mtoto wa nyoka ni nyoka?"

Akayasikia maneno yake mwenyewe. Akaangalia chini, na mimi nikaangalia chini, na wote tukamkuta Kokwa ameinua uso anatusikiliza, mmoja baada ya mwingine, kama anavyofuata pasi.

"Namaanisha haya ni ya kwenye mpira tu," Mwenyekiti akasema. "Ni utani wa mpira, binti. Eh? Njoo nikupe peremende."

Kokwa alichukua peremende, akasema asante. Njiani hakuila. Tulipofika kwenye kona ya kwetu akauliza, "Mama, mimi na wewe tuna nini?"

"Hatuna kitu."

"Mbona tunapelekwa mbali?"

Nikamwambia ni mchezo wa watu wazima, wanajidanganya ili wasiogope. Ni jibu zuri kulisoma. Yeye alilisikiliza, akatia peremende mfukoni, akanishika mkono kwa adabu ambayo si yake.

Jioni, mtoto akiwa amekwenda kuoga, nilimkuta mume wangu chumbani anakunja jezi yake ya kesho.

"Kokwa kasikia," nikamwambia. "Kasikia mtoto wa nyoka."

Akakaa kitandani. "Nani kasema?"

"Rafiki yako. Lakini tiketi si yeye aliyeileta nyumbani."

Akaiweka jezi magotini, akaiinamia. Mume wangu si mtu mbaya, wala si mjinga. Anaweza kusikiliza friji inavyonguruma akakuambia inaumwa wapi. Aliponyanyua kichwa, aliongea taratibu.

"Nisikilize. Kesho hawa wanashuka. Nimewaangalia msimu mzima, hawana miguu. Sasa Kokwa awepo pale, siku ya kwanza ya maisha yake uwanjani, halafu timu ishuke. Unajua watamwita nani? Wewe walikupa hilo jina ukubwani, ukalicheka. Yeye litamganda mpaka aolewe. Namkinga."

"Unamfunga ili asiitwe mfungwa."

"Namkinga, mama."

"Na nani? Na wale unaokaa nao safu moja?"

"Ni watu wangu wale," akasema. Halafu akarudia, sauti imeshuka, "Ni watu wangu."

Nilikuwa na la kujibu, ila nusu ya maneno yake ilikuwa imeniingia. Mtaa wetu naujua. Jina likishamkaa mtu, halitoki kwa maji wala kwa sabuni, na mimi kazi yangu ni madoa. Kama timu ilikuwa lazima ishuke, heri ishuke sisi tuko kwingine. Nikajiambia, ni siku moja. Nikajiambia, ataona maigizo, atayapenda kama mimi, msimu ujao tutazungumza. Nikamnyooshea gauni.

Jumapili alilivaa juu ya jezi. Nilijifanya sioni kola ya bluu ikichungulia shingoni. Baba yake aliondoka mapema na ngoma begani. Mlangoni alimbusu kichwani, akasema, "Utaniambia walivyoigiza." Kokwa akasema, "Na wewe utaniambia walivyocheza," na mlango ukafungwa.

Ukumbi ulikuwa karibu mtupu. Mji wote ulikuwa uwanjani au mbele ya televisheni. Mama anayekata tiketi ananifahamu.

"Leo umekuja na mlinzi," akasema, akichana tiketi ya pili. "Kaeni mbele, viti vinatuomba watu."

Tukakaa mbele, karibu kiasi cha kuona vumbi likicheza kwenye taa. Mchezo ulikuwa wa ndugu wawili waliorithi nyumba ya baba yao wakashindwa kuelewana, wakachora mstari wa chaki katikati ya sebule, na babu yao mzee kakaa kwenye benchi juu ya mstari wenyewe, hataki kuhama. Kokwa aliangalia mdomo wazi. Babu aliponyanyua mguu wa kushoto ili ndugu mmoja afagie upande wake tu, Kokwa alicheka kwa sauti, na nyuma yetu watu wachache wakacheka kwa sababu yeye amecheka. Nikasema moyoni, haya, afadhali.

Kisha babu akasahau. Ni jambo la kawaida. Miaka ile yote nimeliona mara nyingi. Mwigizaji alifungua mdomo, akaufunga, akaipapasa fimbo yake kama maneno yapo humo. Nyuma ya pazia mtu akamnong'oneza. Akalidaka neno, akaendelea, na nadhani ukumbini hakuna aliyejali.

Nilipomgeukia Kokwa, alikuwa ameziba macho kwa viganja vyote viwili.

"Unaogopa?" nikamnong'oneza.

Akatikisa kichwa.

"Una usingizi?"

Akatikisa tena.

"Sasa?"

"Nilimwangalia sana yule babu," akasema, mdomo karibu na bega langu. "Ndiyo akasahau. Nikifumba atakumbuka."

Jukwaani babu alikuwa amechangamka. Maneno yalimtoka mfululizo, watu wakapiga makofi.

"Unaona?" Kokwa akasema nyuma ya viganja vyake. "Kakumbuka."

Alilisema hilo kwa furaha. Ndiyo iliyonivunja, ile furaha. Kama angelia ningejua la kufanya. Watoto hulia, unawabembeleza. Lakini alikuwa ametulia, ameridhika, kama mtu aliyepewa kazi akaiweza. Nikamwona hivyo hivyo darasani, hamwangalii mwenzake anayesoma kwa sauti. Nikamwona msichana mkubwa, anasimama nje ya mlango wa chumba cha mgonjwa kwa sababu ya huruma. Na mume wangu alikuwa amesema anamkinga asipewe jina. Jina alishalichukua mwenyewe, kimya kimya, bila hata mtu mmoja kumwita.

Nikanyanyuka, na wala sikuona aibu. Babu wa kwenye benchi alitutazama tunavyopita. Naamini alisikitika, na siku moja nitamwambia kwamba alikuwa mzuri sana.

Nje tukapata teksi ya kwenda uwanjani. Dereva alikuwa na redio, na mtangazaji anaongea kwa haraka ya mtu anayekimbizwa.

"Zima tafadhali," Kokwa akasema. "Nasikia."

"Bado hawajafungana, binti. Wewe timu gani?"

"Yetu."

"Sasa mbona hutaki kusikia?"

Nikamwomba azime. Akazima, akanitupia jicho kwenye kioo, akaendesha. Uwanja hauhitaji redio lakini. Tulipokaribia, ngoma ilitupokea kabla ya ukuta kuonekana. Mkono wa mume wangu naujua. Anapiga mbili nzito, moja nyepesi, kama mtu anayebisha hodi akiwa na hakika kwamba mtu yupo ndani.

Tuliposhuka kwenye teksi, Kokwa aliisikia ngoma, akasimama palepale. Akaugeukia ukuta wa barabara, mgongo kwa uwanja, viganja machoni.

Getini kulikuwa na askari mmoja mnene, anasikiliza kelele na kujaribu kusoma matokeo kwenye hewa.

"Naomba niitie mpiga ngoma wa jukwaa la mashariki," nikamwambia.

"Mama, mechi kama hii? Hiyo ni sawa na kumwita bwana harusi katikati ya kiapo."

"Mwambie mtoto wake yuko hapa nje."

Alimtazama Kokwa alivyosimama. Sijui aliona nini, lakini aliacha mzaha, akaingia.

Tulisubiri. Mbili nzito, moja nyepesi. Mbili nzito. Halafu ngoma ikanyamaza, na uwanja mzima ukasikika mwembamba, kama nyumba iliyokatiwa umeme. Baada ya muda mtu mwingine akaishika, mkono mwingine kabisa, anapiga kama anatwanga.

Mume wangu akaja mbio, jasho linamtiririka, fimbo ya ngoma bado mkononi.

"Nini? Kaumia?"

"Muulize mwenyewe."

Akainama nyuma ya mwanawe. "Kokwa. Baba huyu hapa."

"Rudi, Baba," Kokwa akauambia ukuta. "Sijaangalia. Nimefumba kabisa. Nilitaka nizibe na masikio, lakini mikono haitoshi."

Nilimwona mume wangu anavyolipokea hilo. Aliiangalia fimbo yake, akaangalia vile viganja vidogo, na uso wake ukawa kama siku ile walipompigia simu ya msiba wa mama yake. Ndani ya uwanja wakapiga kelele za kona. Hakugeuka.

"Ukumbini pia kafumba," nikamwambia. "Mwigizaji kasahau neno, kajiona yeye ndiye kamsahaulisha."

Akaichomeka fimbo mfuko wa nyuma, akamkamata mtoto kwapani, akamnyanyua mpaka mabegani.

"Twende."

"Wapi?" Kokwa akauliza, viganja palepale.

"Ndani. Nilikuahidi."

"Hapana, Baba. Watafungwa."

"Kama ni wa kufungwa, watafungwa."

Alianza kurusha miguu, anamwomba, anamwambia hapana, na baba yake amemshika vifundo anatembea. Askari aliusukuma mlango wa geti kwa bega, bila kuuliza tiketi. Mimi nikafuata. Sikuwa nimekanyaga pale tangu nikiwa na mimba ya huyu anayelia juu ya mabega ya baba yake.

Jukwaa la mashariki walituona tukipanda ngazi. Ule utwangaji wa ngoma ukakatika. Watu wazima, mafundi, madereva, mtu wa benki mmoja mwenye tai ya timu, wote wakatuangalia kama mvua inayokuja kwenye nguo zilizoanikwa. Mwenyekiti alishuka ngazi kutukabili, skafu imemning'inia.

"Chuma, kaka, usifanye hivi. Zimebaki dakika za kuhesabu."

"Sogeza mguu, mtoto apite."

"Mimi sina neno na mtoto. Unajua sina. Lakini tazama watu wako walivyo."

"Nawaona," mume wangu akasema. "Sogeza mguu."

Akasogeza.

Tulisimama kwenye nafasi ya mume wangu ya siku zote. Aliyeshika ngoma alimnyooshea. Akatikisa kichwa, maana mikono yake ilikuwa imekamata miguu ya Kokwa. Hakuna aliyepiga ngoma. Nilitazama mpira kwa macho ya mtu anayetazama chungu cha mwenzake kikichemka. Vijana wetu walikuwa wamechoka kweli, hawana miguu kama alivyosema, wanakimbilia mahali mpira ulipotoka. Niliomba. Sioni haya kusema niliomba kwa nguvu kuliko ninavyoombea mambo ya maana.

Wakapata mpira wale wengine. Wakapiga pasi moja ndefu, kipa wetu akatoka, akasita, akarudi, na alipokuwa anaamua, mpira ulishapita juu yake, unadunda polepole mno kuelekea wavuni, kila mtu ana nafasi ya kuusindikiza.

Kimya. Kokwa alijua. Sikuona uso wake, viganja vilikuwa vimeufunika, lakini mabega yake yalipanda mpaka masikioni, akabaki hivyo.

Firimbi ya mwisho haikuchelewa. Timu imeshuka. Watu wengine walikaa chini wakajifunika skafu. Mwenye tai alikuwa analia bila kujificha. Na kutoka safu ya nyuma sauti ikasema, si kwa kelele, ilikuwa imechoka tu, "Si mmeona? Leo wamekuja wote wawili."

Mume wangu akageuka. Alifanya taratibu kwa sababu ya mzigo aliobeba.

"Kila timu hii ilipofungwa hapa," akasema, "mimi nilikuwepo. Miaka yote hii, sijakosa hata moja. Tumepigwa mvua ikinyesha, tumepigwa jua likiwaka, mke wangu yuko ukumbini, mtoto wangu amelala nyumbani. Aliyekuwepo ni mimi. Mbona hamkuwahi kuninunulia mimi tiketi?"

Mmoja akataka kucheka, akaangalia wenzake, akaacha.

"Chuma," Mwenyekiti akasema. "Watu wana uchungu leo."

"Na mimi nina uchungu. Mtoto wangu kafumba macho tangu mchana ili ninyi mshinde."

Mwenyekiti alimwangalia Kokwa. Nilidhani atasema kitu, na nadhani hata yeye alidhani. Aliinua mkono mpaka karibu na kiatu cha mtoto, akaurudisha. Kisha akainama kuokota ngoma, kwa sababu lazima mtu aibebe, akashuka nayo. Safu ya nyuma wakapita nyuma yake. Wengine walimgusa mume wangu begani. Wengine walizunguka upande wa pili wa viti.

Tulibaki watatu. Chini, wachezaji walikuwa wametapakaa kwenye majani kama nguo zilizopeperuka kwenye kamba.

"Kokwa," baba yake akasema. "Angalia."

"Wameshafungwa?"

"Wameshafungwa."

"Kwa hiyo sasa haidhuru?"

"Hata mwanzo isingedhuru. Kipa alitoka akasita. Ni yeye na miguu yake. Wewe ulikuwa gizani, hukuona hata mpira."

Akafikiri. Niliona anavyolipima, huku na huku, mtoto wangu mgumu. Halafu kiganja cha kushoto kikateremka kidogo, kikaganda shavuni, kikateremka chote. Kile cha kulia hakikutikisika. Kwa jicho moja akautazama uwanja aliousubiri tangu anajua kusubiri.

"Ni mkubwa," akasema.

"Ni mkubwa," baba yake akakubali.

"Nahodha anavua kiatu. Atavaa tena mwakani?"

"Atavaa. Watacheza daraja la chini."

"Huko magoli yao ni madogo?"

"Ni yale yale."

Akaendelea kuangalia kwa jicho lake moja, mpaka watu wa usafi wakaanza kukusanya chupa.

Tulirudi kwa miguu. Najua Jumatatu shuleni yatasemwa, na kwa dobi yatasemwa, na saluni ya kinyozi wetu ina masikio marefu. Najua pia mume wangu atalala akisikia ule mpira unavyodunda. Kuna mambo bado sijamwambia, na kuna tiketi aliyoileta nyumbani kwa mkono wake, ambayo haifutiki kwa jioni moja. Lakini alitembea kati yetu na barabara, na watu wenye skafu walipotukodolea macho, hakuharakisha.

Kwenye kuvuka nilimwomba Kokwa mkono. Akanipa ule ambao tayari ulikuwa chini. Mwingine akauacha pale pale jichoni, na sikumlazimisha. Magari yalipopungua tukavuka hivyo hivyo.